Kutoka Shekemu hadi Kalenga: Uaminifu wa Kiongozi Hupimwa Pembezoni

Katika mimbari za Mbeya na Iringa, habari ya makabila kumi na mawili ya Israeli husimuliwa mara nyingi kwa mkato: watu walipomtii Mungu na viongozi wao walikuwa wamoja, walipoasi wakatawanyika. Mahubiri hayo yana ukweli wake, ila yanawafaa mno wenye madaraka, maana lawama yote ya mfarakano humwangukia mtu wa chini. Anayesoma Waamuzi, Samweli na Wafalme kwa mfululizo, bila kurukia mistari ya kukariri, atakuta jambo jingine. Waandishi wa vitabu hivyo walikuwa watu wa taifa lililokwisha kuvunjika, na swali lao ni gumu zaidi: kiongozi alikuwa mwaminifu kwa nani? Kwa ukoo wake kila mtu ni mwaminifu. Hoja ya makala hii ni kwamba umoja wa makabila yale ulidumu au ulivunjika kwa kadiri mtawala alivyowatendea walioungana mwisho na waliokaa mbali na kiti chake. Historia ya Nyanda za Juu Kusini katika karne ya 19, ya Wanyakyusa, Wahehe na Wasangu, inatusaidia kuliona hilo katika ardhi tunayoijua.

Tuanze kabla ya wafalme. Jiwe la Farao Merneptah wa Misri, lililochongwa karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo, linawataja Israeli kama watu, bila mji mkuu wala mfalme. Hilo linalingana na picha ya kitabu cha Waamuzi: koo na makabila yaliyosambaa vilimani, kila moja na wazee wake, yakikutana kwa ibada huko Shilo, na mwamuzi anayeinuka wakati wa shida. Umoja huo ulikuwa wa hiari, na hiari ina mipaka. Debora na Baraka walipopigana na majeshi ya Sisera, utenzi wa ushindi ulio katika sura ya 5 ya Waamuzi unafanya kazi ya karani wa mahudhurio. Efraimu, Benyamini, Makiri, Zabuloni, Isakari na Naftali walikuja. Reubeni alibaki na makundi yake akitafakari, Gileadi hakuvuka Yordani, Dani na Asheri walibaki na merikebu na bandari zao. Yuda, kabila ambalo baadaye lingemtoa mfalme Daudi, halitajwi kabisa, kwa sifa wala kwa lawama. Sura chache mbele, watu wa Yeftha wanawachinja Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa ugomvi wa nani aliitwa vitani na nani hakuitwa. Mwaka 1930 mtaalamu wa Kijerumani Martin Noth alijenga nadharia kwamba makabila haya yalikuwa shirikisho rasmi lililozunguka mahali pamoja patakatifu, kama baadhi ya miji ya Ugiriki ya kale. Wataalamu wengi wameiacha nadharia hiyo kwa kukosa ushahidi. Kilichokuwapo kilikuwa kilegevu zaidi.

Msomaji wa Rungwe au Kyela hahitaji kwenda Ugiriki ili auelewe ulegevu wa namna hiyo. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta kumbukumbu ya nchi yenye watawala wadogo wengi, wala hakuna aliyewatawala wenzake. Kilichowaunganisha ni simulizi ya asili moja, ya watawala waliotoka Ukinga ng'ambo ya milima ya Livingstone, pamoja na ibada za Lubaga, karibu na Tukuyu, kwa Lwembe, mtawala wa ibada, ambaye heshima yake ilivuka mipaka ya watawala hao ingawa hakuwa na jeshi la kumlazimisha yeyote. Tena nchi iligawanywa kwa makusudi kila kizazi. Katika sherehe ya ubusoka mtawala mzee aliwakabidhi madaraka wanawe wawili wakubwa, kila mmoja akapata upande wake wa nchi na wakuu wapya wa vijiji, vijana wa rika lake. Aliyezoea kuamini kwamba kila kugawanyika ni laana atashangaa, kwa kuwa utaratibu huu uliwapa ndugu wawili nchi mbili kabla hawajaigombania moja.

La thamani zaidi kwa hoja yetu ni namna mtawala wa Kinyakyusa alivyobanwa. Wakuu wa vijiji, amafumu, hawakutoka katika ukoo wake, na iliaminika kwamba walikuwa na nguvu za kumlinda usiku na pia za kumwadhibu. Mtawala aliyekuwa mchoyo wa nyama na pombe, au aliyewadharau wazee, alisemwa majumbani, na manung'uniko hayo, yaliyoitwa pumzi ya watu, yaliaminika kumletea ugonjwa. Mtu wa leo anaweza kuikataa imani hiyo na bado akaiona siasa iliyo ndani yake: mkubwa aliishi akijua kwamba afya yake imo vinywani mwa watu wa kawaida. Israeli nayo ilikuwa na breki zake. Samweli alipozeeka alisimama mbele ya watu wote akawataka wamshuhudie kama aliwahi kuchukua ng'ombe au punda wa mtu, au kula rushwa, wakasema hapana. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 17, linamkataza mfalme kujilimbikizia farasi, wake na dhahabu, na kumwagiza awe na nakala yake ya sheria aisome maisha yake yote, asije akajiona mkubwa kuliko ndugu zake. Sheria hiyo haikuwalenga raia watukutu. Ilimlenga mwenye kiti.

Wafalme walipokuja, basi, walikuja juu ya msingi wa mapatano. Sauli alitoka Benyamini, kabila dogo ambalo kwa masimulizi ya Waamuzi lilikuwa limenusurika kufutwa na makabila mengine, na udogo huo ulikuwa dhamana: Efraimu na Yuda hawakuwa na sababu ya kuogopa kumezwa. Daudi alitawala Yuda peke yake miaka saba na nusu akiwa Hebroni, wakati upande wa kaskazini ulimfuata kwanza Ishboshethi, mwana wa Sauli. Wazee wa makabila walipomjia hatimaye, alifanya nao agano kabla hawajamtia mafuta. Naye alifungwa na masharti. Kisha akafanya uamuzi ambao, kwa maoni yangu, unapita vita vyake vyote kwa busara: aliuteka Yerusalemu, mji wa Wayebusi mpakani mwa Yuda na Benyamini, akaufanya makao. Ulikuwa mji usio wa kabila lolote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema serikali imehamia kwao. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, hesabu iliyopigwa haikuwa ngeni sana. Na tazama kosa ambalo Biblia inamwandama nalo Daudi kuliko makosa yake yote. Aliyedhulumiwa ni Uria Mhiti, askari wa asili ya kigeni, asiye na kabila la kumtetea mbele ya mfalme. Nabii Nathani alikwenda ikulu kwa ajili ya mtu huyo wa pembezoni.

Huku kwetu, Munyigumba aliunganisha watawala wadogo wengi wa eneo la Iringa katikati ya karne ya 19. Mtafiti Alison Redmayne, aliyeandika kwa kina juu ya vita vya Wahehe, alionyesha kwamba kabla ya hapo hapakuwa na jamii moja iliyojulikana kwa jina la Wahehe. Jina na umoja vilikua pamoja. Munyigumba alitumia mkuki, hilo halina ubishi. Lakini pia aliunganisha koo kwa ndoa, akawaacha baadhi ya walioshindwa katika maeneo yao, na penginepo akaweka wanzagila, watawala wadogo waliowajibika kwake. Alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870, umoja huo ulipata mtihani wa siku ya matanga. Mwambambe, mkwe wake aliyekuwa amepewa madaraka, aliitaka nchi. Mkwawa, mwanawe, alilazimika kukaa mbali kwa muda, kisha akarudi, na vita vikaishia Lundamatwe ambako Mwambambe alishindwa. Daudi naye alikuwa mkwe wa mfalme. Mkwe mmoja alikalia kiti, mwingine alikikosa, wala hakuna kanuni ya damu inayotosha kueleza tofauti hiyo. Linaloeleza zaidi ni watu walisimama upande gani.

Kwa Sulemani mambo yanakuwa wazi zaidi. Aliigawa Israeli katika wilaya kumi na mbili, kila moja ilishe ikulu mwezi mmoja kwa mwaka, na wasomi wengi wameona kwamba Yuda, kwao mfalme, haimo katika zile kumi na mbili. Alipeleka watu 30,000 Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi, wakate mbao. Hekalu lilijengwa miaka saba, nyumba yake mwenyewe miaka kumi na tatu. Kisha, baada ya mfalme wa Tiro kumpa mierezi na dhahabu, Sulemani akampa miji 20 ya Galilaya. Miji ya kaskazini ikatolewa kwa ajili ya majengo ya kusini! Kwa hiyo alipofariki, karibu mwaka 930 kabla ya Kristo, mwanawe Rehoboamu hakupokea kiti cha kaskazini moja kwa moja. Ilimbidi aende Shekemu akakubaliwe huko. Watu walimwomba jambo dogo: apunguze mzigo. Wazee wakamshauri awatumikie watu leo ili nao wamtumikie daima. Vijana waliokua naye wakamshauri awatishe, naye akawatisha. Aliporudi kutuma mjumbe kwa hao aliowatisha, alimtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za kulazimishwa, uso ambao watu wale waliuchukia kuliko wote. Wakampiga mawe akafa, na mfalme akapanda gari lake la farasi akakimbilia Yerusalemu.

Jambo ambalo mahubiri ya utii hulipita haraka ni hukumu ya kitabu chenyewe. Mwandishi anaandika kwamba Israeli waliasi nyumba ya Daudi, lakini hayalaumu makabila kumi ya kaskazini kwa siku ile ya Shekemu. Anasema nabii Ahiya alikwisha kumwahidi Yeroboamu, mfalme wao wa baadaye, makabila hayo, na kwamba Rehoboamu alipokusanya jeshi ili ayarudishe kwa nguvu, nabii Shemaya alimzuia kwa kuwa wale ni ndugu. Yeroboamu atalaumiwa baadaye, na vikali, kwa ndama za dhahabu za Betheli na Dani, lakini hilo ni kosa la uongozi wake yeye. Dai la watu kuhusu mzigo halikukanushwa popote. Samaria, mji mkuu wa kaskazini, ilianguka mikononi mwa Waashuru mwaka 722 kabla ya Kristo, na Yerusalemu mikononi mwa Wababeli karibu mwaka 587, kila mmoja kwa wakati wake.

Rudi Kalenga sasa. Mkwawa alirithi nchi iliyozidi kupanuka. Alifikia mapatano na Wangoni mwanzoni mwa miaka ya 1880, akaizungushia Kalenga, makao yake, ngome ya mawe, Lipuli, jina ambalo siku hizi mashabiki wa soka wa Iringa hulitaja bila kufikiria mawe. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, jeshi lake lilikisambaratisha kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, ambaye aliuawa pamoja na askari wake zaidi ya 200. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Hapo ndipo ushahidi wa uaminifu unapoanza, maana tangu siku hiyo Mkwawa hakuwa na mji wala ghala, alikuwa na watu tu. Wajerumani walichoma vijiji, wakajenga kituo chao Iringa mwaka 1896, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Bado aliishi msituni hadi 19 Julai 1898, alipojipiga risasi Mlambalasi akikataa kukamatwa. Kwa karibu miaka minne watu wa Uhehe ya kati, ambao babu zao wengi walikuwa chini ya watawala wadogo walioshindwa na Munyigumba, walimlisha na kumficha wakijua gharama yake.

Pembezoni hali ilikuwa nyingine kabisa. Wasangu walikuwa wamepokonywa nchi yao na Wahehe tangu miaka ya 1870, na mtawala wao Merere akahamia Utengule ya Usongwe, chini ya milima ya Mbeya. Wajerumani walipofika, aliwaona kama njia ya kurudi nyumbani, na mwaka 1896 akarudi Usangu akiwa mshirika wao. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, naye alisimama na Wajerumani. Wapo wanaowaita watu hao wasaliti. Mimi nasita. Mtu husaliti alichokabidhiwa, na Wasangu hawakuwahi kukabidhiwa chochote na Kalenga zaidi ya uchungu wa kufukuzwa. Ukichora ramani ya waliofuatana na Mkwawa hadi mwisho na ya waliomwelekezea mkuki, utaona inakaribia sana ramani ya waliotendewa kama wenyeji na waliotendewa kama mawindo. Mkwawa alikuwa kiongozi mwaminifu kwa Uhehe kwa kiwango ambacho wachache wamefikia. Uaminifu huo uliishia mpakani, na adui akaingilia mpakani.

Kiongozi wa kupachikwa hatuhitaji kumzungumza sana. Wajerumani walimpa kiti Mpangile, nduguye Mkwawa, mwishoni mwa 1896, na Februari 1897 wakamnyonga kwa kumshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Wababeli walifanya vivyo hivyo kwa Sedekia: walimpachika mwaka 597 kabla ya Kristo, alipoasi wakamtoboa macho. Aliyepewa kiti na mgeni anadaiwa uaminifu na pande mbili, na hana hata upande mmoja wa kuulipa kikamilifu.

Atakuwapo wa kusema kwamba haya ni maneno matamu, kwani Daudi, Munyigumba na Mkwawa wote waliunganisha watu kwa mkuki, na asiyepiga hakuunganisha kitu. Ni pingamizi zito na nusu yake naikubali. Lakini walioshindwa na Munyigumba pale Iringa, pamoja na Wasangu, wote walionja mkuki wa aina moja. Wa kwanza walipewa ndoa, ardhi na nafasi, na katika vizazi viwili wakawa Wahehe kamili, wa kufa kwa ajili ya Mtwa, mtawala wao. Wa pili walifukuzwa. Mkuki hauwezi kueleza tofauti hiyo kwa kuwa ulikuwapo pande zote. Kilichofuata baada ya mkuki ndicho kinachoieleza. Biblia inalijua jambo hilo pia. Baada ya kuuteka Yerusalemu, Daudi alipotaka kiwanja cha kupuria nafaka cha Arauna Myebusi ili ajenge madhabahu, alikataa kupewa bure, akakinunua pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha. Mshindi alimlipa mshindwa. Ahabu, kwa upande wake, aliacha Nabothi auawe ili apate shamba la mizabibu, na nabii Eliya akamfuata hadi ndani ya shamba hilo.

Mwingine atasema Uhehe ilishindwa na mizinga na bunduki za rasha rasha, na kwamba Merere au hakuna Merere, matokeo yangekuwa yale yale. Kuhusu kuanguka kwa ukuta wa Kalenga, sawa. Dola ya Ujerumani ilikuwa na uwezo ambao mtawala wa bara hakuufikia. Lakini mizinga haielezi kwa nini mtu asiye na ukuta alidumu miaka minne, wala kwa nini ng'ambo ya Ruaha Mkuu hakupata hifadhi. Naikubali pia gharama ya ulegevu: Wanyakyusa, pamoja na breki zao nzuri, hawakuwa na namna ya kusimama mbele ya Wajerumani kama nchi moja. Shilo haikutosha mbele ya Wafilisti, na Lubaga haikutosha mbele ya wageni hawa. Kubanwa kwa kiongozi hakuondoi haja ya kuwa na kiongozi.

Na wapo watakaouliza kama Daudi na Sulemani walitawala kweli nchi kubwa namna ile. Wanaakiolojia wanabishana, baadhi huona Yerusalemu wa wakati huo kuwa mji mdogo wa vilimani. Jiwe lililofukuliwa Tel Dan mwaka 1993 linataja nyumba ya Daudi, kwa hiyo ukoo wake ulijulikana hata kwa maadui, ingawa haliandiki ukubwa wa nchi yake. Hoja yangu haisimami juu ya ukubwa huo. Inasimama juu ya jambo la nadra katika maandishi ya kale: watu waliohifadhi dhambi za wafalme wao wenyewe, majina yakiwamo, na kuzisoma hadharani. Farao hakuchonga kushindwa kwake kwenye jiwe.

Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa aliyepokea fuvu la babu yake liliporudishwa Kalenga mwaka 1954, alikuwa tayari Spika wa Bunge tangu 1962, kazi ya kumpa nafasi ya kusema mbunge wa kila pembe ya nchi. Makumbusho ya Kalenga yapo nje kidogo ya Iringa mjini, kwenye njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Anayekwenda huko asome kwanza sura ya 12 ya Wafalme wa Kwanza. Akishamaliza kulitazama fuvu na kusikia habari za Lugalo, amuulize mwenyeji wake Wasangu na Wabena walikuwa wapi, na walikuwa wametendewa nini.